Malalamiko Kuhusu Waogeleaji Wanaoingia Kwenye Tundu Letu la Kuvulia Samaki

Taisto Ruuskanen,
Mtaa wa Kituo cha Zamani, nyumba namba 4,
Kuikkala.
Jumatatu, 17 Machi

Kwa Afisa Michezo na Mapumziko,
Manispaa ya Kuikkala.

Mheshimiwa Afisa, ambaye pia ni mpwa wangu Riikka,

YAH: UVAMIZI WA TUNDU LA BARAFU UNAOFANYWA NA WAZEE WENYE NGUO ZA KUOGELEA

Anayekuandikia si mtu wa kawaida. Ni mimi mjomba wako Taisto, mtu ambaye Ziwa Kuikka linamjua kwa jina. Nikisimama dirishani asubuhi nikakohoa, sangara wa upande wa kaskazini wanageuza njia. Redio ya mkoa imeshanipigia simu mara mbili kuniuliza hali ya samaki, na si kweli kwamba walikosea namba, kama anavyodai mke wangu Tuula, maana mara ya pili tuliongea karibu dakika nzima. Yule hauki, samaki wetu mkubwa mwenye meno ya msumeno, niliyemvua mwaka themanini na saba unamkumbuka kwa kusimuliwa. Mkia tulikula Krismasi, kichwa tukakimaliza Pasaka, na taya lake binamu yangu alilitumia kukatia kuni mpaka meno yakaisha. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ofisi yako ijue barua hii inatoka ngazi gani.

Shule niliiacha mapema kidogo, kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na vitu vya kunifundisha. Kwa hiyo ukikuta koma imekaa vibaya, isogeze mwenyewe.

Sasa nieleze chanzo. Unaijua ile meza ya dirishani kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta. Hapo tunakaa watu watatu kila asubuhi, miaka thelathini sasa. Mimi nasimulia na wenzangu wawili wanakunywa kahawa. Mmoja ni Ilpo Hyttinen, fundi saa. Yeye tangu ujana wake ameishi ndani ya chumba kisichozidi meza mbili, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, na jua anakutana nalo likiwa limepita kwenye pazia. Wa pili ni Asko Tiainen, anayepiga kinanda kanisani. Asko anavaa glovu mwezi wa Juni ili vidole visipate baridi, na nje kwake maana yake ni njia ya kutoka kwenye gari mpaka mlango wa kanisa.

Mwezi uliopita Ilpo aliweka kikombe chini akasema, "Taisto, nafunga duka. Binti yangu amenitafutia chumba kule Sweden, Gothenburg, ghorofa ya saba. Naondoka tarehe ishirini na nne Machi."

Asko akavua glovu moja, halafu akaivaa tena.

"Miaka thelathini nimekusikiliza na hao samaki wako," Ilpo akaendelea, "na sijawahi kushika mshipi hata siku moja. Kabla sijaondoka nipeleke mara moja. Samaki mmoja tu, hata awe kidole. Nikifika kule na mimi niwe na cha kusimulia."

Ungejibu nini, Mheshimiwa? Nilisema, "Ndugu yangu, samaki mmoja? Utalazimika kuwazuia wasiingie mifukoni." Tukakubaliana Jumamosi tarehe nane. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia, nami nayapanga kwa namba ili usipotee.

1. KUINGIA BILA HODI. Saa nne asubuhi tulifika ufukweni, baridi ikiwa nyuzi nane chini ya sifuri. Ilpo alivaa suti, kwa sababu aliona hiyo ni siku kubwa. Asko alivaa kila kitu alichonacho, na mkononi akabeba mto wa kukalia wa kanisani. Kule mbali katikati ya ziwa lililoganda walionekana watu weusi weusi wamekaa kama nukta kwenye karatasi.

"Wale kule ni akina nani?" Asko akauliza.

"Wale ni wanaoanza," nikamwambia. "Mvuvi aliyekomaa hana haja ya kwenda mbali."

Nikawaongoza mpaka kwenye tundu lililo mwisho wa gati, lile la mita tatu kwa nne, lenye ngazi, vyuma vya kushikilia, taa, pampu inayokoroga maji yasigande, na zulia la plastiki kutoka mlangoni hadi majini. Nani angeona kitu kama hicho asidhani kwamba Mungu na Manispaa wameshirikiana kumwandalia mvuvi? Kutoboa ziwa ambalo limekwishatobolewa ni ubadhirifu. Tukapanga vigoda vyetu juu ya zulia. Ilpo akafunga ndoana kwa ule ustadi wake wa saa, fundo dogo hata mimi sikuliona, akatumbukiza.

Hazikupita dakika kumi. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguliwa, wakatoka kina mama kumi na mmoja, wamevaa nguo za kuogelea na kofia za sufu, wanatoa mvuke kama viazi. Asko akasimama akavua kofia, akidhani ni maandamano ya ibada. Wakatusalimia mmoja mmoja, wakashuka ngazi kupita katikati ya mishipi yetu.

"Kuna samaki humu?" wa kwanza akauliza, maji yakiwa kifuani.

"Walikuwemo," nikamjibu.

2. MAZUNGUMZO YASIYOFAA MBELE YA SAMAKI. Walizungumza ndani ya tundu letu habari za nyonga mpya, magoti mapya, na shemeji ya mtu fulani ambaye sitamtaja. Samaki ni kiumbe mwenye haya.

3. KUPOKONYWA MAWINDO. Hili ni zito, nakuomba ulisome umekaa. Ilpo alikuwa ameinamia mshipi wake, mara ukakaza. Akageuka kuniangalia. Mheshimiwa, mtu huyu nimemwona akirudisha uhai kwenye saa iliyokanyagwa na trekta, huku akipiga mluzi. Sasa alinong'ona.

"Taisto, kuna kitu. Kizito."

"Usivute kwa nguvu," nikamwambia. "Mchoshe kwanza. Mpe kidogo, vuta kidogo. Huyo ni hauki, tena mzee."

Kwa dakika nne nzima Ilpo alimchosha. Suti ilimlowa mpaka kwenye viwiko. Asko alimshika kiuno asije akaenda majini, macho ameyafumba. Mimi nilikuwa natoa maelekezo nikiwa nimeshikilia chuma. Ndipo sauti ikasikika kutoka upande wa pili wa tundu, imetulia kabisa.

"Ilpo, ukimaliza unirudishie kofia yangu. Masikio yananipata."

Alikuwa Bibi Kyllikki Moilanen, mwenyekiti wa waogeleaji, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Ndoana ilikuwa imenasa kwenye kile kifundo cha juu cha kofia yake, nayo kofia ikavuka tundu lote yenyewe. Nikaipima papo hapo kwa mizani yangu ya mkononi: kilo moja na robo ikiwa imelowa. Kwa kanuni zote za uvuvi, kinachopanda na ndoana ni mali ya mvuvi. Bibi Kyllikki aliikamua akaivaa, hata picha haikupigwa.

Lakini Riikka, ungeuona uso wa Ilpo katika zile dakika nne. Mimi nimeuona. Ndiyo maana naandika.

4. JOTO. Binadamu mmoja ana nyuzi thelathini na saba. Wakiwa kumi na mmoja, hizo ni nyuzi mia nne na saba, tena mara nne kwa wiki. Nimekokotoa nyuma ya kalenda, na nimegundua kwamba Chama cha Waogeleaji kinalipasha moto ziwa hili polepole, kama sufuria. Wakiachwa hivi hivi, mjukuu wako atakuta Ziwa Kuikka limekuwa supu, na bila chumvi. Kuna mikutano mikubwa huko duniani inatafuta nani anapasha dunia joto. Waambie waache kuhangaika. Wako Kuikkala, wamevaa kofia za sufu.

5. KUVUNJIWA HESHIMA NA MKUNGA MSTAAFU. Baada ya kukamua kofia, Bibi Kyllikki hakuondoka. Alisimama juu ya barafu, nje ya zulia, miguu mitupu, akatutazama kama mtu anayetazama mzigo ulioteremshwa nyumba isiyo yake.

"Taisto, mwanangu," akasema, "ziwa hili lina urefu wa kilomita kumi na mbili. Mbona mmekuja kukaa kwenye zulia letu?"

Nikasema ni kwa sababu ya upepo.

"Upepo uko wapi?"

Nikasema ni bega langu, haliwezi kuzungusha keekee ya barafu.

"Mimi naweza kuizungusha," Ilpo akasema. "Keekee si ile pale, umekuja nayo. Twende kule walipo wengine, nitatoboa mwenyewe."

Nikamweleza kwamba keekee yangu ni ya hali ya juu mno kwa barafu ya aina ile. Kabla sijamaliza, ziwa likaunguruma. Wewe umezaliwa hapa, unaujua ule mlio, unaanzia upande mmoja na kupita chini ya miguu yako mpaka ng'ambo. Ni barafu inajinyoosha, ni jambo la kawaida, hakuna asiyelijua.

Asko akainua kidole. "Hiyo ni do ya chini kabisa," akasema kwa furaha, siku nzima sikuwa nimemwona na furaha. "Lile bomba kubwa la kinanda. Ni safi kabisa, halijapotoka hata kidogo."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nakagua unene wa barafu. Nilikagua kwa muda, mikono miwili ikiwa kwenye chuma, kwa sababu ukaguzi mzuri hauna haraka.

"Na hiyo kamba kiunoni ni ya nini?" Bibi Kyllikki akauliza. "Naona umeifunga kwenye ngazi yetu."

"Hauki wa uzito fulani humvuta mtu," nikamwambia.

Hapo ndipo aliposema maneno ambayo nataka yaandikwe kwenye kumbukumbu za Manispaa. Alisema mbele ya wanawake kumi na marafiki zangu wawili: "Mwaka wa sitini na saba nilikutoa mwenyewe tumboni kwa mama yako. Ulikuja miguu kwanza, na huko juu umeng'ang'ania. Kwa saa kumi na nne, Taisto. Kumbe hujabadilika."

Ilpo alicheka mpaka kigoda kikaanguka. Asko alicheka kwa sauti tatu zinazopatana. Wale kina mama walirudi kwenye joto la sauna wakiwa wanashikana mabega. Nauliza: mkunga hana kiapo cha kutunza siri? Nilikuwa na umri wa dakika moja, sikuwa na wakili.

6. BANGO. Jumatano iliyofuata nilikuta bango jipya kwenye vile vyuma, lenye nembo ya ofisi yako: UVUVI HAPA NI MARUFUKU. Na chini yake, kwa kalamu: Na wewe pia, mjomba. Usiniambie ni mwandiko wa katibu. Ule ni mwandiko wako, na kalamu hiyo mimi ndiye niliyekushikisha mara ya kwanza, jikoni kwetu, ukiwa na miaka mitano. Nilipokupigia simu ulisema, "Mjomba, hilo ni tundu la kuogelea." Nikakuambia samaki nao wanaogelea. Ukakata simu. Sikulalamikia simu, nalalamikia hoja kutojibiwa.

7. RAFIKI YANGU. Tangu siku hiyo, Ilpo haulizii tena samaki. Anakuja kwenye meza ya dirishani, anakunywa kahawa yake, anatazama ziwa kupitia kioo. Duka amelimaliza. Saa zote zimerudi kwa wenyewe, isipokuwa moja ya ukutani ambayo mwenyewe hakuja kuichukua, na Ilpo anaitia ufunguo kila asubuhi hivyo hivyo. Jana nilianza kumsimulia habari za hauki wa mwaka tisini na mbili, yule aliyevuta mtumbwi. Akanigusa mkono.

"Haidhuru, Taisto," akasema. "Nitasimulia hao samaki wako. Nitasema nilikuwepo."

Katika maisha yangu nimetukanwa na watu wanaojua kutukana. Hakuna aliyenipata mahali alipogusa Ilpo kwa hilo neno "haidhuru".

Kutokana na hayo yote, naiomba ofisi yako itekeleze yafuatayo bila kuchelewa:

(a) Bango liondolewe.

(b) Jumamosi hii tarehe ishirini na mbili, ambayo ndiyo ya mwisho kabla Ilpo hajapanda meli, waogeleaji wote wazuiwe kuingia majini kuanzia saa nne asubuhi mpaka samaki apatikane. Wanaweza kuogelea kwenye theluji, ni maji yale yale.

(c) Kofia yoyote itakayovuliwa baada ya hapo ihesabiwe kuwa samaki, kwa kipimo cha kilo.

(d) Tundu lipewe jina langu, au angalau ngazi.

Ukinyamaza, nitaandika kwa mkoa. Mkoa ukinyamaza, nitaandika kwa Wizara. Wizara ikinyamaza, nitamwandikia mfalme wa Sweden moja kwa moja, kwa kuwa kuanzia tarehe ishirini na nne Ilpo atakuwa anaishi chini yake, na sidhani kama mfalme atafurahi kupelekewa mtu mzima ambaye hajawahi kuvua samaki. Hilo linaweza kuharibu uhusiano wa nchi hizi mbili, na litakuwa limeanzia mezani kwako.

Nisalimie mama yako, dada yangu, umwambie sufuria yake ninayo na haijapotea. Msalimie mumeo, na yule mbwa wenu anayenibwekea. Wasalimie wote hapo ofisini, hasa yule wa mapokezi aliyeniambia nisubiri akasahau. Sina kinyongo, kiti kilikuwa kizuri.

Naweka kalamu chini nikiwa bado mjomba wako, nikitegemea jibu kabla barafu haijaondoka,

Taisto Ruuskanen
Mvuvi, na Mshauri wa Samaki Ziwa Kuikka (cheo nimejipa, hakuna aliyekipinga)

N.B. Tuula ameisoma barua hii yote, halafu akaichukua bahasha akaikalia. Anasema hainuki mpaka niandike mstari mmoja wa kweli. Nimesubiri tangu chakula cha mchana. Hajainuka, na ana kitambaa cha kufuma, kwa hiyo anaweza kukaa mpaka Pasaka.

Basi, Riikka. Mimi naogopa barafu. Mwisho wa lile zulia ndio mwisho wangu, na hata pale nilifika kwa kamba. Nilipokuwa na miaka tisa barafu ilikatika, mguu ukaingia mpaka kwenye goti. Haikuwa ziwani. Ilikuwa mtaro wa nyuma ya shule, na maji yaliishia hapo hapo kwenye goti. Tangu siku hiyo sijavua samaki yeyote majira ya baridi, wala sijakanyaga ziwa likiwa jeupe. Wale walio kule mbali, wale nukta, nimewatazama kwa miaka arobaini na minane kutoka dirishani.

Kwa hiyo bango liache. Kina mama waache waoge, na zulia lisiondolewe. Ila Jumamosi saa nne, muombe Bibi Kyllikki, akishamaliza kuoga na kuvaa viatu, atutangulie kuelekea kule waliko wengine. Mahali anapotembea yeye miguu mitupu, patanibeba na mimi. Ilpo atatoboa mwenyewe, mikono anayo. Asko atasikiliza barafu, atatuambia ikipotoka. Mimi nitabeba kahawa na soseji. Wale wawili usiwaambie kitu. Mwambie Kyllikki tu kwamba tukifika mwisho wa zulia anishike. Alishanitoa mara moja nikiwa nimeng'ang'ania, anajua pa kushika.